Kijiko Kimoja kwa Kila Lori

Mzee wa Mizani hakujua kunong'ona. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amepaza sauti juu ya injini za malori kwenye mizani ya barabara kuu pale Mlolongo, akiwaambia madereva waingie polepole, wasimame, wasubiri, waondoke. Alipostaafu, sauti ilikataa kustaafu naye. Akikusalimu asubuhi kwenye bomba la maji, wapangaji wa ploti ya tatu kutoka kwetu waliitikia. Akiomba kanisani, hata waliokuwa wamesinzia walijua ana shida gani wiki hiyo. Kuna siku alijaribu kumweleza mama mwenye nyumba siri fulani kuhusu choo kilichoziba, na kabla hajamaliza, wanne kati yetu tulikuwa tumeshatoka nje kujitetea.

Alikuwa na jina, bila shaka, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye safu yetu ya mabati, na mimi nilikuwa chumba cha tatu, mama wa mtoto mmoja, mwenye mume aliyefanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi akiwa na nazi na vumbi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kabla ghorofa za kupanga hazijaota kila mahali. Ukitoka mlangoni uliona barabara kuu, na juu ya barabara uliona malori yamepanga foleni yakingoja kupimwa.

Alikuwa mwembamba mno. Koti lake la kaki lilimning'inia, na tai alivaa kila siku isipokuwa Jumapili, kwa sababu, alisema, Mungu anamjua. Alikuwa amepima maelfu ya magari na mizigo yao, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kupimwa. Sista wa zahanati alimbembeleza, sisi tulimtania, na jibu lilikuwa lile lile. "Mwenye kupima hapimwi." Umri wake pia aliusema ovyo. Alipotaka kuheshimiwa alikuwa na sabini na tano, na alipotaka kucheza dansi kwenye harusi alikuwa na hamsini na nane.

Lakini kwenye uzito hakudanganya hata kidogo, na hapo ndipo alipogombana na nusu ya soko. Alinyanyua boga kwa mkono mmoja, akatazama juu kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akalitajia boga uzito wake, na muuzaji akalia. Mwenye bucha alipomwona anakuja alianza kupanguza mizani kabla hajaulizwa. Mahubiri aliyapima vilevile. Siku moja mhubiri mgeni alizungumza saa mbili, na tulipotoka tukamuuliza Mzee ameonaje. "Mzigo ulikuwa mzuri," akasema, na mhubiri alikuwa hatua tatu tu nyuma yetu, "lakini ulipakiwa vibaya." Uzito wa mwanamke, hata hivyo, hakuutamka kamwe. Tulimjaribu sana. Mama mmoja jirani alisimama mbele yake mikono kiunoni akamwambia amkadirie, na Mzee akageuka akaanza kukagua paa.

Kazi yake ya uzeeni aliipata kwa kuudhika. Alikwenda zahanati, ile ndogo nyuma ya kanisa, akasafishwe masikio, akamkuta sista anapima watoto peke yake, mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine umeshika mtoto, shingo imepinda. Mzee alivumilia watoto wawili. Wa tatu alipowekwa akasimama.

"Sista, pole, lakini mizani haisomwi kwa upande."

"Basi njoo usome wewe," akasema sista, ambaye alikuwa hajanywa chai.

Akasoma. Jumanne iliyofuata alirudi na tai mpya, na tangu siku hiyo kila Jumanne ikawa yake. Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'iniza, yenye uso wa duara, na chini yake palikuwa na kikaptula cha kitambaa ambamo mtoto alitiwa akaning'inia miguu ikicheza. Mzee alisimama mbele yake mikono nyuma.

"Mama wa mbele, ingia. Polepole. Toa turubai."

Turubai maana yake ilikuwa blanketi, sweta, kofia, soksi na lile shuka la maua ambalo nyanya wa mtoto aliapa lisitolewe.

"Achilia. Usishike mzigo. Simama!"

Na watoto walisimama. Mtoto aliyekuwa akilia tangu getini alinyamaza ghafla, akamkodolea macho yule mzee mwembamba mwenye ngurumo, na sindano ya mizani ikatulia. "Kilo sita na robo tatu. Ondoka. Anayefuata." Sisi akina mama tulikuwa tukicheka mpaka tunashikana mabega. Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba aliwaogopa. Ukimpa mtoto ashike, alimpokea kwa mikono iliyonyooka mbele, mbali na kifua, kama mtu aliyebebeshwa beseni la maji moto, na alitafuta kwa macho mtu wa kumpokonya. Na alikuwa na sababu. Mwanzoni alitaka watoto wapimwe uchi kabisa, mpaka mtoto mmoja wa kiume, akiwa amening'inia juu pale, akamlenga tai. Mzee alijipanguza, akasoma uzito, halafu akasema, "Ngoja nisome tena, amepunguza mzigo njiani." Baada ya hapo aliruhusu nepi moja kavu, na uzito wa nepi aliupunguza mwenyewe kichwani.

Ruhusa hiyo ya nepi ndiyo iliyonitia mimi majaribuni.

Mwende wangu alikuwa na miezi minane alipoanza kuota meno. Ufizi ulivimba ukawa mwekundu, mate yakatiririka mpaka kifuani, na Jumatatu moja akaninyonya kidogo, akaniuma mimi, akalia yeye. Kuanzia hapo hakutaka ziwa. Nilimsogezea, akapinda mgongo kama samaki. Nikakamua nikatia kwenye chupa, akaitema chuchu. Nikatia kwenye kikombe, akafumba mdomo, na nakuambia mdomo wa mtoto aliyeamua hauna ufunguo. Uji alikula vijiko vitatu vinne, akachoka. Maziwa, hapana.

Ploti nzima ilijua ndani ya siku moja, na ploti nzima ilikuwa na dawa. Mmoja akasema nimpake asali kwenye ufizi. Sista akasema asali hapana, huyu bado mchanga. Mwingine akasema nimfunge ushanga shingoni. Sista akasema unataka anyongwe? Wa tatu akasema kinachotakiwa ni mtoto aone watu wazima wakiyafurahia maziwa. Huyo nilimsikiliza, kwa sababu dawa yake haikuwa na madhara. Nikawa nakaa mbele ya Mwende na glasi kubwa ya maziwa ya ng'ombe, nakunywa, nalamba midomo, nasema "mmm". Mwende alinitazama kwa huruma. Baada ya wiki mbili yeye nguo zilikuwa zinampwaya na mimi sketi ilikuwa haifungi.

Sista alimchunguza kwa makini, mdomo, masikio, joto. Akasema ni meno tu, yatapita, nisiache kumpa. Lakini akaongeza kwamba akishuka mara mbili mfululizo ataniandikia barua ya hospitali kubwa.

Barua ya hospitali ningeivumilia. Nilichoogopa mimi kilikuwa Muthetheni, kijijini kwa kina mume wangu. Mama mkwe alikuwa amepata habari, sijui kwa mdomo wa nani, na alituma ujumbe kwa gari la mboga, kwamba alikuwa anakuja, na kwamba akifika na mstari kwenye kadi ya mtoto haupandi, Mwende anaenda naye nyumbani. "Huku kuko ng'ombe na kuko mimi," ndivyo ujumbe ulivyofika. Hakuwa mwanamke mbaya. Alilea saba, wote wakubwa wenye meno kamili. Lakini likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha zamani, kiwandani nilikoshona nguo nilikuwa nimeomba ruhusa mpaka msimamizi akaanza kuniita mgeni, na nilijua kwamba Mwende akipelekwa Muthetheni, hatarudi kabla hajaanza kuniita shangazi. Nilikuwa nalia nikifua nepi. Nasema wazi kwa sababu baadaye niliona wenzangu wengi wakilia vivyo hivyo na kusingizia sabuni.

Basi Jumanne hiyo, asubuhi, nikachukua betri mbili kubwa za redio, nikazifunga vizuri kwa kitambaa, nikazishonea kwenye nepi. Usiniulize nilikuwa na akili gani. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikitazama malori yakipimwa, na katika akili yangu yote niliyojaliwa hicho ndicho nilichojifunza, kwamba mizani ni kitu cha kuchezewa.

Mwende akatiwa kwenye kikaptula. "Achilia," akasema Mzee. Nikaachilia. Mwende akaning'inia, halafu taratibu, mbele ya akina mama wote, akaanza kuinamia kulia. Nikamnyoosha. Akainama tena. Mzee alimtazama kwa kichwa kilichopinda, na nikaona macho yake yanabadilika, yanarudi kazini kwake ya zamani. Akamzunguka mtoto mara moja. Akainama akaangalia chini. Akaminya nepi kwa vidole viwili.

Nilingoja ngurumo. Nilijua mpaka Kinanie kule mbali watasikia. Lakini siku hiyo, mara moja tu katika muda wote niliomfahamu, mzee yule alijitahidi kusema kwa sauti ya chini. Ilitoka kama jogoo mwenye kikohozi.

"Mama Mwende. Hii gari imelalia ekseli ya nyuma."

Nikamshika Mwende asizidi kuinama.

"Mimi nimeshika watu wa kupunguza uzito kwa miaka ishirini na mbili. Wa kuongeza, ni wewe wa kwanza."

Akanigeuzia mgongo, akawakabili akina mama waliokuwa kwenye benchi, na kwa sauti yake halisi akawauliza kama kadi zao ziko tayari, wazitoe, wazipange, wasimpotezee wakati. Wote wakainamia mikoba. Nikapata nafasi ya kufungua nepi, nikakata uzi kwa meno, nikatoa betri, nikazitia mfukoni. Alipogeuka, alisoma kama kawaida. "Saba na robo." Mwezi uliotangulia ilikuwa saba na nusu. Sista akaandika, mstari ukashuka, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, Mwende mapajani, nikilia bila hata sabuni ya kusingizia. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Alinikuta pale baada ya kliniki.

"Mizani haikutukani," akasema. "Inakuambia tu."

"Mzee, amekataa. Nimejaribu kila kitu."

"Nani amekataa? Huyu?" Akamnyooshea kidole Mwende, kutoka mbali. "Hebu ngoja."

Tukangoja. Lori la saruji likapita barabarani, likapiga honi ndefu ile ya hewa, na Mwende akageuza kichwa, akaachama mdomo wote, ufizi mwekundu na vidoa viwili vyeupe ndani. Akabaki hivyo mpaka lori likapotea.

"Umeona? Mdomo hajafunga," akasema Mzee. "Amekufungia wewe. Kila ukimwangalia, macho yako inamwambia kunywa, kunywa, kunywa. Hata mimi ningefunga. Barabara ikifungwa, unatafuta mchepuko."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kichekesho kikubwa kuliko vyote vilivyopata kutokea upande wetu wa Mlolongo. Maelekezo yake yalikuwa machache na aliyatoa kama kanuni za serikali. Maziwa yawe yangu mwenyewe, yamekamuliwa, kikombe kimekaa kwenye sufuria ya maji baridi. Kijiko kiwe safi na kiwe baridi pia, maana ufizi wa moto unapenda chuma baridi. Nimwache akitafune kwanza kama anataka. Nikae kwenye benchi la kibanda cha chai, nyuma ya mapipa, mahali gari haliwezi kufika, Mwende akiangalia barabara. Na mimi nisimwangalie mtoto.

"Niangalie nini?"

"Lori. Wewe angalia lori. Na mdomo wako fungua pia, usimwache peke yake."

Kwa hiyo tuone mimi, mwanamke mzima wa Kikamba, mwenye cheti cha ushonaji, nimekaa kando ya barabara ya Mombasa mdomo wazi. Lori likija, Mwende anaachama, kijiko kinaingia, lori linapita, Mwende anameza kwa mshangao na kunitazama kama kwamba maziwa yametoka mbinguni. Kijiko kimoja kwa kila lori. Lori likiwa na tela, viwili. Asubuhi ya kwanza yalipita malori manane, vikaingia vijiko kumi na moja. Nilivihesabu kwa sauti, nikarudi nyumbani nikiimba.

Siku ya tatu madereva walijua. Foleni ya mizani ni ndefu na hakuna sinema. "Mama mtoto, leo ngapi?" aliuliza mmoja kutoka juu, na nikamwambia kumi na sita, akampasia wa nyuma yake, wa nyuma akampasia wa nyuma yake, mpaka nikasikia kule mwisho mtu anashangilia. Waliokuwa wanasogea walitupigia honi. Mmoja alikuwa na taa za rangi zilizozunguka paa lote la gari, akaziwasha mchana kweupe kwa ajili yetu. Mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali kutoka Machakos mjini, aliyekuwa akisafiri mbele pamoja na dereva wake, alishusha kioo akataka kuelezwa yote tangu mwanzo.

"Abaayo, dada yangu, ni meno?"

"Ni meno."

"Hata mtoto wa ngamia anakataa. Usimlazimishe, atachukia. Ngoja kidogo."

Akashuka na fimbo yake, akagonga mbao za nyuma mara mbili, na mbuzi wote sitini wakalia kwa pamoja. Mwende akaachama mdomo mpaka nikaona koo. Viliingia vijiko vitano mfululizo, na cha sita akakishika mwenyewe.

Mzee wa Mizani hakukaa nasi. Alipita mbali, mikono nyuma, akijifanya ana shughuli kwenye duka la vipuri. Lakini nilimsikia, kwani nani hakumsikia, akimfokea dereva aliyetupita bila honi. "Wewe! Kuna mtu anakula hapa!"

Ndipo mama mkwe akafika. Alishuka kwenye gari akiwa na kibuyu cha uji wa mawele, kuku mmoja mzima miguu imefungwa, na kanga ya kumbebea mjukuu. Hakunikuta nyumbani. Majirani, kwa furaha isiyofichika, wakamwelekeza. Nilikuwa katikati ya kijiko, mdomo wazi, dereva wa lori la mawe ananipungia mkono, niliposikia nyuma yangu, "Kumbe."

Nikafunga mdomo. "Mwaitu. Mama, karibu."

"Mke wa mwanangu," akasema mama mkwe, akiangalia yule dereva, akiangalia mapipa, akiangalia kikombe, "anapigiwa honi na wanaume."

"Si mimi, mama. Ni Mwende."

"Mwende ako na miezi minane."

Nikamsogezea nafasi. Akakaa kwenye benchi, kuku katikati yetu, akasema mambo ambayo sitayaandika, mengine ya kweli. Kesho yake ilikuwa Jumanne, wiki mbili kamili tangu zile betri. Sista alikuwa ametaka nimrudishe mapema apimwe. Mama mkwe akasema vizuri, tutaenda wote, na akaiweka ile kanga ya kubebea juu ya kitanda changu, imekunjwa, mahali ningeiona.

Asubuhi hiyo nilimvalisha Mwende nepi moja kavu na sikushona kitu. Nilitamani, nakubali. Kulikuwa na jiwe zuri dogo mlangoni.

"Mama wa mbele, ingia," akasema Mzee, kama kwamba hatujuani. "Toa turubai. Achilia. Simama!"

Mwende akasimama, wima kabisa, akimwachamia. Sindano ikacheza, ikatulia. Mzee akasogea. Akatazama muda mrefu kuliko kawaida. Nilimwona akirudi nyuma hatua moja, akasoma tena. Nilijua moyoni kwamba anajua; benchi lote lilijua mama mkwe amekuja kwa ajili gani, na nusu kilo ya huruma isingemgharimu kitu. Nilimwomba kwa macho. Nimewahi kumwomba Mungu kwa juhudi ndogo kuliko hiyo.

"Saba na robo," akasema.

Haikuwa imepanda hata kidogo. Honi zote zile, mbuzi sitini, taa za rangi, na mtoto alikuwa pale pale. Nikamtoa Mwende kwenye kikaptula, nikamshika. Mama mkwe akatoa ile kanga mkobani, akaanza kuikunjua.

"Mama," Mzee akamwambia, na akabadili lugha, akamweleza kwa Kikamba ili kila neno lifike. Alimwambia kwamba mwezi ule mtoto alikuwa akiteremka mlima bila breki. Gari likiteremka hivyo, kitu cha kwanza si kupanda. Kitu cha kwanza ni kusimama. Limesimama. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye barabara anajua kwamba kulisimamisha ndiyo kazi ngumu. Na akamwambia, mbele ya watu wote, kwamba kama angetaka kumdanganya angesema saba na nusu, na kwamba aliye na haki ya kuendelea kuliendesha gari ni yule aliyelisimamisha.

Mama mkwe alimwangalia yule mzee kuanzia tai mpaka viatu.

"Na wewe," akamuuliza, "unakula?"

Akina mama wakaangua kicheko, na sista akacheka mpaka akaketi. Mama mkwe hakucheka. Alikunja kanga yake taratibu, akaitia mkobani, akasema atakaa wiki moja aone hayo malori.

Alikaa wiki tatu. Mimi nilirudi kiwandani, na nikitoka jioni niliwakuta kwenye benchi, yeye na Mwende, wote midomo wazi. Vijiko vilipungua kazi vyenyewe. Meno mawili yakatokeza chini, kisha mawili juu, na Jumapili moja Mwende akanitafuta kifuani mwenyewe, kwa hasira, kama mtu anayedai kitu kilichofichwa. Mwezi uliofuata uzito wake ulikuwa saba na robo tatu. Mama mkwe akarudi Muthetheni peke yake, sauti imekauka kwa kuwafokea madereva wasiopiga honi. Yule kuku tulimla, na paja moja likapelekwa chumba cha mwisho kwenye sahani iliyofunikwa, kwa amri ya mama mkwe, kwa sababu, alisema, yule mzee ni mfupa na tai tu.

Nilimuuliza Mzee mara moja, siku ya kufua, kwa nini hakuniongezea hata gramu mia. "Ningekuongezea wewe," akasema. "Mtoto nani angemwongezea?" Kisha akaona aibu kwa kusema kitu kizito hivyo mbele ya nguo zake za ndani, akaenda kugombana na fundi wa bomba. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa nimeficha uchi wangu kwenye nepi ya mtoto. Namshukuru aliyeufunua bila kuuonyesha watu.

Tulihama. Mume alipata kazi karibu, tukajenga, nikasikia Mzee naye amerudi kwao. Miaka ikaenda.

Nilimwona tena Januari ambayo Mwende alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Tulikuwa Machakos mjini kununua sanduku la bati, godoro na vitu vile vyote ambavyo shule huviandika kwenye karatasi ili wazazi wazimie. Nilikuwa na hali mbaya. Siku mbili baadaye mtoto wangu angelala kwenye bweni na mimi ningelala nikiangalia kitanda chake, na tangu asubuhi nilikuwa namkemea kwa mambo madogo ili nisilie. Yeye alikuwa ananiepuka kwa hatua nne, ili watu wasidhani tuko pamoja.

Mzee alikuwa amekaa nje ya duka la dawa kwenye kiti cha plastiki, anamngoja binti yake aliyeingia ndani. Nilimtambua mara moja. Nikamsalimu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika godoro kichwani, nikamwambia ni mimi, Mama Mwende, wa Mlolongo, chumba cha tatu. Akatabasamu kwa adabu ile ya watu wasiokumbuka.

"Mlikuwa wengi," akasema.

Nikaumia kidogo, nasema kweli. Kwangu ilikuwa habari ya maisha yangu, kwake ilikuwa Jumanne. Basi nikamsimulia. Nilimweleza betri, akacheka, akapiga goti. "Za redio?" Akaniambia nirudie hapo. Nilimweleza mtoto alivyoinama, nilimweleza benchi, mapipa, malori, yule Msomali na mbuzi wake, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Alikuwa akisikia yote kwa mara ya kwanza, na alifurahi mno. Kisha, katikati ya mbuzi, kicheko kikamtoka usoni. Akanishika mkono.

"Na alikunywa?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama kwa wasiwasi wa kweli, kama kwamba mtoto yuko ndani pale kwenye mizani, miezi minane, mdomo umefungwa, na hakuna ajuaye itakuwaje. Nikageuka kumtafuta Mwende.

Mwende alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka aliichukia. Alikuwa akitazama upande mwingine wa barabara muda wote. Sasa akaliweka sanduku chini, akaja, akachuchumaa mbele ya kiti ili uso wake uwe mbele ya uso wa mzee.

"Nilikunywa, babu," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Mzee akamwangalia kwa makini. Halafu akashusha pumzi ndefu, akauachilia mkono wangu.

"Basi mwambie mama yako aende alale," akamwambia. "Amechoka sana, huyo."

Mwende akainua uso, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama pale pale na godoro kichwani.

"Mama," akasema, "amesema ukalale."